Karani wetu ametoka hospitali, sasa zamu ni yetu



Katika milima ya chai ya Rusizi mchumaji hulipwa kwa kilo. Kwa sababu hiyo, katika banda la kupokelea majani hakuna mtu anayetazamwa kwa macho makali kuliko karani wa mizani. Akiandika kilo 17 mahali pa kilo 19, kuna mtoto atakayekosa daftari la shule. Karani tunayetaka kumzungumzia hapa tulimwamini kwa miaka mingi. Alikuwa akisoma mizani, akitoa uzito wa kikapu, akiandika na kukujibu salamu, yote kwa pumzi moja, na jioni jumla ya daftari lake ilipatana na mzigo wa lori. Jina lake hatulitaji, maana ndivyo alivyotuomba. Mengine yote ameturuhusu kuyaandika, pamoja na makosa yetu sisi wenzake, ambayo si machache.

Mwaka jana, wakati wa mvua, dada yetu huyu alianguka bandani mbele ya foleni. Mkono wa kulia ulianza kurukaruka, kisha mwili wote ukakakamaa na kutetemeka. Mmoja wetu, kwa nia njema kabisa, alimtia kijiko mdomoni, jino likavunjika. Alipozinduka hakujua yuko wapi. Basi minong'ono ikaanza. Wako waliosema karogwa kwa sababu ya kazi yake, wako waliosema ni kifafa tu na kuna mzee ng'ambo ya pili ya kilima ana mizizi. Aliyekata maneno ni mume wake. Alimpeleka kituo cha afya asubuhi ile ile, wakapewa barua ya kwenda hospitali ya wilaya, na kutoka hapo barua nyingine ya kwenda Kigali.

Huko Kigali picha ya skana ilionyesha uvimbe upande wa kushoto wa kichwa, mkubwa kama yai la kuku. Haukuota ndani ya ubongo wenyewe. Uliota katika utando unaoufunika, ukawa unaukandamiza ubongo polepole, pengine kwa miaka. Madaktari walieleza kwamba uvimbe wa aina hiyo mara nyingi si saratani, lakini kichwa si tumbo: fuvu halitanuki, na kinachokua ndani yake lazima kimbane mwingine. Operesheni ikakubaliwa.

Tueleze kidogo kazi yenyewe, maana wengi tulidhani kichwa hupasuliwa kama boga. Daktari hunyoa nywele, hufungua ngozi, kisha hukata kipande cha mfupa na kukiondoa kwa muda kama mtu anavyofunua kifuniko. Baada ya kuondoa uvimbe, kifuniko hurudishwa mahali pake na kufungwa kwa vibati vidogo au nyuzi, ngozi ikashonwa juu. Kazi hiyo yaweza kuchukua saa nyingi. Wanaoiweza nchini mwetu bado ni wachache, ingawa siku hizi tunao wa kwetu. Mmoja wao ni Daktari Claire Karekezi, mwanamke wa kwanza wa Rwanda kufuzu kazi hii. Alisomea upasuaji wa ubongo huko Rabat, Moroko, akaongeza ujuzi Toronto, Kanada, na mwaka 2018 akarudi kufanya kazi katika Hospitali ya Kijeshi ya Rwanda, Kanombe.

Kumbeba kwenda na kumbeba kurudi

Wazee wetu walikuwa na ingobyi, kile kitanda cha kubebea mgonjwa mabegani. Kila nyumba ya mlimani ilitoa watu wa kubeba, na aliyekataa kubeba wenziwe alijua siku yake hatapata wa kumbeba. Kule Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, vyama vya namna hiyo huitwa engozi, na vingine vimekuwa pia vyama vya akiba na mikopo. Leo tunayo magari ya wagonjwa, lakini desturi yenyewe haijafa. Ilipotangazwa kwamba karani anakwenda Kigali, tawi letu lilichanga kwa siku tatu. Mwenye bima ya mutuelle hulipa hospitalini asilimia 10 ya gharama, na hiyo ni msaada mkubwa, lakini nauli na chakula cha yule ndugu anayekaa kando ya kitanda, ambaye kwetu huitwa umurwaza, humo hamna. Tulilipa hayo. Tulimsindikiza mpaka kituo cha basi cha Kamembe, tukaimba, tukarudi kazini tukiona tumetimiza wajibu.

Tulikuwa tumembeba kwenda. Hatukufikiri kwamba kuna kumbeba kurudi.

Kutoka Kigali mpaka kwetu ni zaidi ya kilomita 200, na sehemu kubwa ya mwisho ni kona za msitu wa Nyungwe, ambazo humtapisha hata mtu mzima wa afya. Mwanachama mmoja mwenye uwezo alijitolea kumlipia ndege, kwa kuwa Kamembe kuna kiwanja. Bahati njema mume aliuliza kwanza. Daktari alimwambia kwamba baada ya kufungua fuvu hewa kidogo huweza kubaki ndani, nayo hutanuka mtu akipanda juu angani. Kwa hiyo ndege ingoje mpaka yeye mwenyewe aruhusu. Wakaja kwa basi. Walipewa kiti cha nyuma, juu ya magurudumu, na kila tuta la barabarani dada alilisikia ndani ya kichwa. Siku hizi tunajua: kiti cha mbele, mto wa kuegemeza shingo, mfuko wa kutapikia, maji, na dereva aambiwe mapema kuna mgonjwa.

Siku ya kwanza nyumbani kwake tulifika watu 23.

Tulikuja na ndizi, maziwa, Fanta, urwagwa kwa wanaume, na redio ya kuchangamsha. Tulisali kwa sauti. Kila aliyeingia alimwinamia akauliza, "Unanikumbuka?" Naye alijibu kila mmoja, akatabasamu, akasema nimepata nafuu, Mungu ni mwema. Mume alisimama mlangoni hajui la kufanya, maana katika mila zetu mtu hawezi kumfukuza aliyekuja kumwona mgonjwa. Giza lilipoingia tukaondoka tumefurahi. Usiku huo kichwa kilimuuma kiasi cha kulia kwa sauti, na kesho yake hakuweza kuinuka wala kusema neno. Mume alidhani operesheni imeharibika, akamrudisha hospitali ya wilaya kwa pikipiki, jambo ambalo nalo halikufaa.

Hospitalini hawakuona ubaya mpya. Muuguzi aliyempima ndiye aliyetufungua macho, tena bila kutuonea haya. Alisema: kwa ubongo uliotoka kufunguliwa kila kitu ni kazi. Sauti ya redio ni kazi. Kuutambua uso ni kazi. Kujibu "nimepata nafuu" mara 23 ni kazi kubwa kuliko kupima lori zima la majani. Mtu huyu, alisema, mmempigisha zamu mbili mfululizo siku ya kwanza ya likizo yake.

Kwa wafanyakazi, maneno hayo hayahitaji tafsiri.

Daftari la zamu

Halmashauri ya tawi ilikutana Jumapili baada ya ibada. Tulikubaliana kwamba wageni wawili tu wataingia kwa siku, kwa nusu saa, na kati yao anayezungumza ni mmoja. Wengine wote wanaotaka kumwona watakaa uani kwa jirani, na chakula watakileta huko. Mama mmoja mchumaji, mtu mzima ambaye hakuna anayembishia, alipewa kazi ya kukaa mlangoni. Mume asingeweza kumzuia mgeni, lakini yeye aliweza, na wala hakuona vibaya.

Daftari la zamu lilifungwa kwa kamba katika nguzo ya jikoni. Mwanzoni watu waliandika "kumtembelea mgonjwa", "kumtia moyo". Baada ya wiki moja tulilikataza neno "kutia moyo" daftarini, kwa sababu aliyekuja kutia moyo alikuja kukaa kitini. Tukataka kazi zenye majina: kuchota maji, kukata majani ya ng'ombe, kufua, kusimamia masomo ya watoto, kwenda kituo cha afya kuchukua dawa. Na zamu moja ambayo hakuna aliyeiwaza mwanzoni ikawa ndiyo iliyotakiwa kuliko zote: kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja jioni mtu mmoja aketi karibu na mgonjwa, ili mume alale. Alikuwa hajalala vizuri tangu Kigali. Umurwaza naye ana mwili, na akianguka yeye kuna wagonjwa wawili.

Vijana walitaka kujua: mtu afanye nini akiwa ameketi pale saa tatu? Asifanye neno. Alete ukindu wake asuke, au maharage achambue. Dada alituambia baadaye kwamba mgeni aliyemfaa kuliko wote ni kijana mmoja wa lori, ambaye ni mwenye aibu na hana maneno. Alikuwa akiketi, akichonga kijiti, akiondoka. "Yule," alisema, "hakunidai kitu."

Kitanda tulikiinua upande wa kichwani kwa matofali mawili, kama hospitali walivyoelekeza, ili kichwa kiwe juu kidogo. Dirisha tuliliwekea kitenge kizito, maana mwanga ulimchoma. Kuku wa jirani hatukuweza kuwafanya lolote.

Dawa na hasira

Alikuja na dawa za namna mbili, na zote mbili zilitufundisha kwa njia ngumu.

Ya kwanza ni deksamethazoni, ya kupunguza uvimbe unaobaki katika ubongo baada ya operesheni. Hiyo hupunguzwa hatua kwa hatua kwa maagizo ya daktari, wala haiachwi ghafla, kwa sababu mwili huwa umeshaizoea. Kabla haijaisha humfanya mtu awe na njaa isiyoisha, akose usingizi, uso uvimbe, na wengine huwa wakali. Dada yetu, aliyekuwa mpole kupita kiasi, alimrushia mama mkwe bakuli la uji. Habari ilifika sokoni kabla ya jua kuzama: "Wamemfungua kichwa wakambadilishia roho." Tulipita nyumba kwa nyumba kueleza kwamba hiyo ni dawa, na kwamba pia ubongo ulioguswa huchelewa kufunga breki za hasira na machozi. Baadhi waliamini. Mama mkwe, tumshukuru, aliamini kabla ya wote, akaendelea kuleta uji, ila katika kikombe cha plastiki.

Ya pili ni dawa ya kuzuia kifafa. Hapa kosa ni letu na tunalikiri. Wiki ya tano vidonge vilikuwa vimalizike Jumamosi. Aliyekuwa na zamu ya kuvifuata alikwenda harusini Bugarama akasema atavichukua Jumatatu. Jumatatu asubuhi dada alianguka jikoni. Hakuwa amejeruhiwa sana, moto ulikuwa haujawashwa. Lakini alikuwa ameshaanza kutoka nje peke yake, ameshaanza kucheka. Baada ya siku hiyo alikaa wiki tatu hataki hata kusimama mlangoni. Mwenzetu aliyekwenda harusini alikuja mbele ya kikao akasema neno moja tu, "Ni mimi", akaketi. Tangu hapo vidonge huhesabiwa kila Alhamisi na kuandikwa, na vinapobaki vya siku saba mtu huondoka kwenda kuvifuata.

Turudi sasa kwenye kile kijiko. Mtu akishikwa na kifafa usimtie kitu mdomoni, wala kijiko, wala kitambaa, wala kidole. Hawezi kumeza ulimi wake. Ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, weka nguo laini chini ya kichwa, usimshike kwa nguvu, na akitulia mlaze kwa ubavu ili mate yatoke. Tazama saa. Ikipita dakika tano bado anatetemeka, au likimrudia kabla hajazinduka, ni hospitali mara moja. Siku ile ya jikoni aliyekuwepo ni binti yake wa miaka 12, na alifanya hayo yote barabara, kwa sababu tulikuwa tumemfundisha. Hilo angalau tulilifanya.

Yako na mambo mengine ambayo kila mwenye zamu aliandikiwa kwa Kiswahili na Kinyarwanda. Maumivu ya kichwa ya kawaida hupungua siku hadi siku. Yakizidi badala ya kupungua, au yakija na kutapika, si ya kungoja kesho. Usingizi mwingi ni wa kawaida, lakini mgonjwa anayeamshwa na haamki vizuri, au anayeanza kuchanganya maneno ambayo jana hakuyachanganya, apelekwe. Vivyo hivyo homa, shingo kukaza, mshono kuvimba, kutoa usaha au maji meupe kama ya mvua, mkono au mguu kulegea. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, huenda damu imeganda: huko pia ni kukimbia. Hakuna aliyewahi kuchekwa hapa kwa kumpeleka mgonjwa bure. Pombe ni marufuku, na tunasema hivyo kwa sababu yuko aliyeleta urwagwa akidai unaongeza damu.

Arobaini kutoa saba

Mwezi wa pili nywele zilianza kuota. Dada alifunga kitambaa, akatoka hadi barabarani, na kila aliyemwona alipiga makofi: "Umepona kabisa!" Kwa kweli hapo ndipo kipindi kigumu kilipoanza. Mtu mwenye mguu katika plasta hakuna anayemwomba abebe gunia. Aliyepona ngozi ya kichwa huonekana mzima, naye anachoka kwa kuvaa viatu. Kuchoka huku si uvivu, na hakuondoki kwa kulala usiku mmoja; huchukua wiki, kwa wengine miezi. Huja bila hodi. Yuko katikati ya sentensi, macho yanazimika.

Tulikuwa hatujui kitu kingine alichokuwa anakificha. Siku moja mtoto alimwomba amsaidie hesabu: 40 kutoa 7. Karani wa mizani, ambaye alikuwa akitoa uzito wa vikapu mia mbili kwa siku bila kalamu, aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu, akaikunja, akaiweka chini ya godoro. Mumewe aliikuta. Uvimbe ulikuwa umekandamiza sehemu ambayo hushughulika na tarakimu, na sehemu hiyo ilikuwa bado haijaamka.

Yule mama wa mlangoni ndiye aliyepata njia. Alitafuta mizani ya zamani ya kuning'iniza, ile yenye ndoana, akaitundika katika mwembe, akaleta viazi vitamu. Kila siku baada ya usingizi wa mchana, robo saa: pima, soma, toa uzito wa kikapu, sema. Tulimwuliza mtaalamu wa mazoezi wa hospitali ya wilaya, akasema ni sawa, mradi aache kabla hajachoka, si baada ya kuchoka. Siku za kwanza alikosea karibu kila kikapu. Alilia, akatukana viazi. Mama akavifunga, akasema kesho. Hakumwambia "utaweza", wala hakumwambia "pole". Mwezi wa tatu viazi vile vilikuwa vimenyauka kwa kupimwa.

Kiti chake

Mwajiri, kwa upande wake, alikuwa amesikia habari za kitambaa na barabara. Wiki ya sita msimamizi alituma ujumbe kwamba karani akiwa anaweza kutembea basi anaweza kukaa kitini, na asipofika Jumatatu kiti kitapata mwingine. Ni vizuri wanachama wakumbuke kwamba sheria ya kazi ya Rwanda inatambua likizo ndefu ya ugonjwa, kwa ushahidi wa madaktari, hadi miezi sita, na mitatu ya kwanza ni ya mshahara. Lakini sheria haiendi ofisini kwa miguu yake. Wajumbe watatu wa tawi walikwenda na karatasi za hospitali, wakazisoma moja moja mezani. Ujumbe ule ukafutwa.

Tungeweza kumaliza hapa tukajisifu. Lakini tusifichane. Ilipojulikana kwamba atarudi mwezi wa nne, wachumaji wawili, wanachama hai wenye ada zilizolipwa, walikuja kwa katibu usiku. Walisema: tunampenda, tumemchotea maji, lakini kilo yangu ni chakula changu, akikosea mizani nani atanilipa? Wako waliotaka wakemewe. Sisi tuliona wana haki. Chama kinachomlinda karani kwa kuwapunja wachumaji hakijamlinda mtu. Na mwenyewe alipoelezwa, hakukasirika. Alisema hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi kuliko dawa.

Tulipatana hivi na uongozi. Arudi kwa nusu siku, asubuhi tu, kabla uchovu haujaja. Akae kwenye kiti, kivulini, mbali na lori. Yeye asome mizani kwa sauti. Mchumaji mwenyewe asogee asome pia. Karani wa pili aandike. Mmoja akitofautiana, kikapu kinapimwa upya na hakuna anayeuliza sababu. Kuja na kurudi asipande pikipiki. Anatembea na wenzake, au lori humshusha njia panda. Na wote wa bandani wafundishwe habari za kifafa, kijiko kikiwa cha kwanza.

Siku aliporudi foleni ilikuwa kimya, si kawaida ya foleni yetu. Kikapu cha kwanza kilikuwa cha mmoja wa wale wawili. Dada alitazama mshale, akanyamaza kwa muda ambao kwetu ulikuwa mrefu sana. Akasema, "Kumi na nane, toa moja na nusu, kumi na sita na nusu." Mchumaji aliinama, akasoma, akasema ndiyo.

Katika wiki mbili za kwanza vikapu vinne vilipimwa upya. Vitatu alikosea yeye. Cha nne alikosea karani wa pili, ambaye kichwa chake hakijawahi kufunguliwa, na kicheko cha siku hiyo kilisikika mpaka barabara kuu. Wachumaji sasa hawataki kuacha kusoma mizani wenyewe, hata mchana, dada akiwa ameshakwenda nyumbani kulala. Msimamizi amelalamika kwamba foleni inakwenda polepole. Tumelipokea lalamiko lake.

Hajawa yule wa zamani, na tumeacha kumwuliza lini atakuwa. Saa sita mchana hufunga daftari, hata foleni ikiwa na watu. Kelele za mvua juu ya mabati bado zinamsumbua, na majina humpotea. Wengi wetu anatuita "wewe wa vikapu". Dawa ya kifafa anaendelea nayo mpaka daktari aseme vingine.

Mwezi ujao anakwenda tena Kigali kupigwa picha nyingine, waone kama uvimbe haujarudi. Ni safari ya siku tatu na anahitaji msindikizaji mmoja, kwa kuwa mume atabaki na watoto. Nauli imeshachangwa. Anayeweza alete jina kwa katibu wa tawi kabla ya Ijumaa. Ajue kwamba kiti cha mbele ni cha dada, kwamba vidonge viko katika mfuko wa kijani, na kwamba kuanzia Nyungwe hapendi kusemeshwa.